Swichi Tatu Chini ya Ngazi

Ukurasa huu umezoea kutuletea habari za malezi, za mapishi na za afya ya mama na mtoto, nasi tumefaidika nao tangu tulipokuwa wasichana. Leo twaomba nafasi tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda halijawahi kutajwa hapa: kujifunza kazi ya swichi za mtandao wa kompyuta, katika daraja yake ya juu, kwa ajili ya mtihani wa cheti.

Sisi ni wanawake watatu wa nyumba moja hapa Mombasa. Wawili wetu ni ndugu wa tumbo moja, na wa tatu ni mke wa kaka yao. Mkubwa wetu ana watoto watatu na ameajiriwa kwa mkataba katika ofisi ya uwakala wa forodha, ambako yeye ndiye aitwaye kila kompyuta inaponuna. Wa kati ndiye wifi. Mumewe yuko Doha kwa kazi, na mtoto wao ametimiza miezi saba juzi. Mdogo wetu yuko chuoni, mwaka wa pili. Mama wa nyumba, basi, ni mama wa wawili wetu na mavyaa wa mmoja, na tutaona mbele kwamba jambo hilo lilikuwa na uzito wake.

Mtihani wenyewe ni wa kampuni ya Cisco ya Marekani, na daraja tunayoizungumzia huitwa CCNP. Hadi Februari 2020 palikuwa na mtihani wa pekee wa swichi, wenye nambari 300-115. Tangu hapo mambo ya swichi yamekusanywa pamoja na ya ruta na mengineyo katika mtihani mmoja mkubwa uitwao ENCOR, nambari 350-401, wa dakika 120 na ada ya dola 400. Anayefaulu hubakiwa na mtihani mmoja zaidi, wa fani aichaguayo mwenyewe, ndipo apewe cheti kamili, nacho hudumu miaka mitatu. Kitabu tulichonacho ni cha mtihani ule wa zamani, tulikinunua kimeshakunjwa pembe na kuandikwa kwa penseli na mtu tusiyemjua. Kurasa zake za swichi hazijachuja hata kidogo. Yaliyobadilika ni jina la mlango, chumba ni kile kile.

Huenda msomaji akauliza, wanawake wa Mombasa na swichi wapi na wapi? Jibu letu ni kwamba mji huu ndio lango. Mwaka 2009 kebo mbili za chini ya bahari zilifika katika ufuo wetu: SEACOM, na ile iitwayo TEAMS, itokayo Fujairah, Falme za Kiarabu, ikapita njia karibu ile ile waliyopita manahodha wa majahazi kwa pepo za kaskazi. Mwaka uliofuata ikaja EASSy. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti, na wengi wetu twakumbuka ukurasa mmoja ulivyofunguka huku chai ikipoa. Leo hospitali, shule, hoteli, maduka ya jumla na ofisi za bandarini zote zina kisanduku mahali fulani kinachomeka taa za kijani, na kisanduku hicho chahitaji mtu wa kukijua. Mtu huyo si lazima awe mwanamume, wala si lazima atoke Nairobi.

Tueleze basi swichi ni nini, maana bila hilo yatakayofuata hayatakuwa na ladha.

Swichi ni kisanduku chenye milango mingi ya waya. Kila chombo kilichounganishwa nacho kina anwani ya biti 48 kilichozaliwa nayo kiwandani. Habari husafiri katika mafungu madogo yaitwayo fremu. Fremu ikiingia, swichi husoma anwani ya mtumaji na kuandika katika daftari lake kwamba fulani yuko mlango wa tano. Kisha husoma anwani ya mpokeaji. Ikiwa yamjua, huipeleka fremu kwenye mlango wake peke yake. Ikiwa haimjui, au ikiwa fremu ni tangazo la watu wote, huitoa kwenye milango yote isipokuwa ule iliyoingilia. Ni hayo tu. Uerevu wote wa swichi na matatizo yake yote hutoka katika kanuni hiyo ya mwisho.

Chukua nyumba tatu zinazotazamana, na desturi yao iwe kwamba kila apataye habari huwapasha majirani wake wote ila yule aliyemletea. Wa kwanza asikia habari ya posa. Ampasha wa pili. Wa pili ampasha wa tatu. Wa tatu, kwa kufuata desturi, ampasha wa kwanza. Majirani wa kweli wangecheka na kusema, shoga, habari hii si ndiyo niliyoitoa mimi asubuhi? Lakini swichi haikumbuki habari ilizozipitisha. Yakumbuka tu nani anakaa wapi. Kwa hiyo wa kwanza aipokea kama mpya na kuizungusha tena. Tena habari hiyo yaenda pande zote mbili za duara kwa wakati mmoja, na kila tangazo jipya laongezwa juu ya yale yanayozunguka tayari. Fremu haina umri. Pakiti za intaneti huwa na hesabu ya maisha inayopunguzwa moja katika kila ruta hata ifike sifuri, zife. Fremu haina hesabu hiyo. Huzunguka mpaka mtu ang'oe waya au umeme ukatike. Wajuzi huiita hali hii tufani ya matangazo, na jina hilo limeisadifu.

Mbona basi watu wakaweka nyaya kwa duara? Kwa sababu waya mmoja ukikatwa na panya au na fundi wa mabomba, upande mzima wa jengo huzimika. Njia ya akiba yahitajika. Kinachotakiwa ni kuwa na njia ya akiba huku imelala, iamshwe siku ya dharura tu.

Aliyelitatua jambo hili ni mwanamke, Radia Perlman, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment Corporation huko Marekani mwaka 1985. Itifaki aliyoibuni, ambayo vitabu huifupisha STP, huzifanya swichi zizungumze wenyewe kwa wenyewe, zimchague mmoja wao awe mzizi, kisha kila moja itafute njia fupi ya kumfikia. Njia zote zilizozidi hufungwa. Duara hugeuka kuwa mti, na mti hauna mahali pa kuzungukia. Njia moja ikifa, iliyofungwa hufunguliwa. Mwaka 1990 taasisi ya wahandisi ya IEEE iliitoa kuwa kanuni ya watu wote, na mwaka 2001 ikatoa nyingine iliyo nyepesi zaidi. Ile ya kwanza huchukua hata sekunde 50 kuamsha njia ya akiba: sekunde 20 za kungoja iwapo jirani kweli amenyamaza, 15 za kusikiliza, 15 za kujifunza. Ile ya pili humaliza kazi hiyo kwa sekunde chache au chini ya sekunde moja.

Bi Perlman aliitungia itifaki yake shairi, nalo limejulikana kiasi cha kuchapishwa katika vitabu vya ufundi. Wageni huliona jambo hilo kuwa la kustaajabisha. Sisi hatukustaajabu, katika pwani hii elimu imetiwa katika utenzi tangu hapo, toka sira mpaka nasaha za ndoa. Mdogo wetu, aliyekuwa akisahau kila mara namna mzizi unavyochaguliwa, alikaa jikoni akikuna nazi, akatoka na ubeti wake:

Kwanza tazama nambari,
ndogo ndiyo ya fahari;
zikiwa sawa, tayari
anwani itaamua.

Hakuna haja ya kuueleza sana. Kila swichi hutoka kiwandani na nambari ya kipaumbele 32768, na yenye nambari ndogo kuliko zote ndiyo mzizi. Mwenye mtandao aweza kuibadilisha kwa hatua za 4096. Asipogusa kitu, zote huwa sawa, na hapo huangaliwa anwani ya kiwandani: ndogo hushinda. Sasa, kwa kuwa mara nyingi anwani ndogo ni ya mashine iliyotengenezwa mapema, mtandao ulioachwa ujiendeshe huweza kumpa uongozi mkongwe wa wote, aliyechoka, mwenye kasi ndogo, aliyesahauliwa katika kabati la ufagio. Mkubwa wetu aliposoma hapo alifunika kitabu, akatutazama kwa zamu, akasema, “Msinitazame hivyo.”

Tulinunua swichi tatu kuukuu, za aina ya Catalyst 3560, kutoka kwa muuza vyombo vya ofisi. Programu ya mazoezi iitwayo Packet Tracer hupatikana bure na ni msaada mkubwa kwa anayeanza, ila katika mambo ya juu amri nyingi haizijui. Tukaziweka chini ya ngazi, palipokuwa pakihifadhiwa mkaa na mitungi. Feni zake hulia kama mashine ya kushonea isiyotiwa mafuta, na tokeni za umeme zilianza kwenda haraka hata tukakubaliana ziwashwe baada ya Isha mpaka saa nne na nusu, basi.

Zilikuja na kumbukumbu za bwana wao wa zamani. Hili litamfaa yeyote atakayenunua swichi ya mkono wa pili, nasi twalieleza kwa ukamilifu. Kufuta mipangilio peke yake hakutoshi; orodha ya VLAN huhifadhiwa katika faili jingine, nalo hufutwa kwa amri yake. Tena kuna itifaki ya Cisco iitwayo VTP, ambayo swichi husambaziana orodha hiyo kwa kufuata nambari ya toleo: mwenye nambari kubwa ndiye msemaji. Katika matoleo yake mawili ya mwanzo, swichi kuukuu yenye jina lile lile la himaya na nambari kubwa zaidi yaweza kuunganishwa kwa nia njema katika mtandao unaofanya kazi, na kwa dakika moja ikaifuta orodha ya jengo zima na kuweka ya kwake. Mgeni aliyekaribishwa chai akabadilisha majina ya watoto wa nyumba! Ndiyo maana ya kwetu tuliisafisha kabla ya kuigusisha na nyingine.

VLAN yenyewe ndiyo iliyokuwa nyepesi kwetu kuliko yote, kwa sababu tumeikalia. Nyumba ya Kiswahili ya zamani ina daka, ina kiwanda, ina ndani. Mlango wa mbele ni mmoja na kuta za nje ni moja, lakini mgeni akaribishwaye dakani haoni wala hasikii ya ndani. Swichi moja hugawanywa vivyo hivyo: wahasibu huku, wageni kule, kamera za ulinzi pale. Fremu inapopita katika waya wa pamoja baina ya swichi mbili hutiwa alama ya baiti nne isemayo ni ya chumba gani. Na katika alama hiyo biti 12 ni za nambari ya chumba, ndiyo sababu vyumba vinavyotumika haviwezi kuzidi 4094. Nyumba kubwa kiasi hicho sisi hatujaiona.

Kabla hatujafika katika jambo la fedha, tusimulie lililotokea muhula uliopita katika shule moja ambayo jina lake tunaliacha. Ilikuwa wiki ya kulipa karo. Mtandao wa shule nzima ulizimika saa mbili na nusu asubuhi: ofisi ya karo haikuweza kuandika risiti, wazazi walipanga foleni mpaka uani, na fundi wao alikuwa Malindi. Mwalimu mkuu, aliyetufahamu kwa jirani, akampigia mdogo wetu. Tulikwenda wawili, wa kati na mdogo, mtoto tukimwacha na bibi yake.

Tulipofungua kabati tulikuta taa zote zikimeka pamoja, kwa kasi moja, bila kupumzika. Taa za mtandao mzima wa afya humeka kila moja kivyake, kama watu wanaozungumza barazani. Zikimeka zote kama kwaya, ujue kitu kinazunguka. Swichi za pale zilikuwa zile za bei nafuu, zisizojua itifaki yoyote ya kujikinga. Tukaanza kung'oa nyaya moja moja na kutazama. Waya wa kumi na moja ulipotoka, taa zikatulia. Tukaufuata ukutani, chini ya zulia, mpaka meza ya karani, na chini yake palikuwa na kiswichi kidogo cha milango mitano. Mtu aliyefagia jioni aliona ncha ya waya imelala sakafuni, akaona ni uchafu, akaichomeka katika tundu lililokuwa wazi. Ncha ya pili ilikuwa tayari katika kiswichi hicho hicho. Waya wa mita moja ukaizima shule yenye watoto mia sita.

Aliyefagia hakuwa na kosa la kulaumiwa; usafi ndio kazi yake. Tulimweleza mwalimu mkuu kwamba swichi kuu ibadilishwe kwa ile inayosimamiwa, na milango ya mezani itiwe ulinzi wa kujifunga yenyewe mara isikiapo swichi nyingine, au sauti yake yenyewe, ikirudi kwenye mlango huo. Hospitali kubwa moja ya mji wa Boston, Marekani, ilipatwa na msiba wa jamaa hii Novemba 2002, ikarudi katika kuandika kwa kalamu na karatasi kwa siku kadhaa, na hao walikuwa na wahandisi na vifaa. Yaliyowafika wao yalitokana na mtandao kukua kupita mipaka ya itifaki ya mti. Wanafunzi husimuliwa kisa hicho mpaka leo.

Siku ile wazazi walilipa karo. Mwalimu mkuu alitupa nauli na soda, na wa kati akarudi nyumbani amekawia saa moja na nusu kumnyonyesha mtoto. Hapo ndipo mama wa nyumba alipouliza alilokuwa nalo moyoni.

Aliuliza kazi hii hufanywa saa ngapi. Hatukumficha. Mabadiliko makubwa ya mtandao hufanywa usiku, watumiaji wakiwa wamelala. Hiyo ndiyo ada ya kazi yenyewe, wala si ya kampuni mbaya. Mengi hufanyika kutoka nyumbani, kwa kuingia katika swichi ukiwa mbali kwa mawasiliano yaliyofichwa. “Na waya ukikatika saa nane ya usiku?” Waya ukikatika, lazima mtu aende. “Basi ataondoka na nani?” Hapakuwa na jibu la kitabuni. Mkubwa wetu alisema kwamba wauguzi na wakunga huenda, na nyumba zao hupanga. Mama akasema wakunga aliwajua kabla sisi hatujazaliwa, na kwamba hakuuliza ili kukataza, aliuliza ili ajue.

Usiku ule alikuja chini ya ngazi kwa mara ya kwanza, akaketi juu ya kigoda, tasbihi mkononi. Wa kati akachomeka kompyuta katika mlango wa swichi. Taa ikawaka rangi ya chungwa. Mama akauliza mbona si ya kijani kama nyingine. Tukamwambia, mlango unasikiliza kwanza sekunde kumi na tano iwapo kuna duara, kisha unajifunza majirani sekunde kumi na tano, ndipo uruhusu kitu kupita. Akaanza kuvuta punje. Karibu na mwisho wa mzunguko wa thelathini na tatu taa ikageuka kijani. “Hii,” akasema, “yafikiri kabla ya kunena.” Akataka irudiwe. Tukairudia mara tatu. Mdogo wetu alitaka kumwonyesha amri ya kuufanya mlango uwe kijani papo hapo, tukamkanyaga mguu.

Sasa fedha. Tunacheza mchezo na wanawake wengine wa mtaani, na zamu yetu ilikuwa imefika. Dola 400 ni zaidi ya shilingi elfu hamsini. Zamu moja yatosha mtihani mmoja, na zamu nyingine ni baada ya miezi sita. Katika watatu, mmoja tu angefanya mtihani mwaka huu.

Kila mmoja alikuwa na hoja yake. Mkataba wa mkubwa wetu unaisha Disemba, na meneja wake amekwisha kumwambia kwamba kwa cheti hiki ungerefushwa na mshahara kupanda. Tena fedha nyingi za mchezo zilitoka mkononi mwake. Mdogo ana kichwa chepesi na hana mtoto wa kulala naye. Wa kati hana kazi, amekatishwa masomo mara mbili, mara ya kwanza kwa harusi na mara ya pili kwa uzazi, na mumewe kule Doha alituma ujumbe mrefu uliosema, kwa ufupi, kwamba yu radhi ila anahofia. Aliporudi vitabuni baada ya arubaini yake, alikuta tumekwenda kurasa mia mbele. Kuna itifaki ya ruta mbili zinazolinda mlango mmoja kwa kupokezana, HSRP, na katika hiyo ruta kuu ikianguka kisha ikarudi, hairejeshewi kiti chake mpaka mwenye mtandao awe ameandika amri maalumu ya kukidai. Yeye hakungoja kuandikiwa amri. Wiki tatu, akatupita.

Tulikuwa na njia nyepesi ya kuamua, nayo ni ile ya kimya: mkubwa ndiye mkubwa. Hakuna ambaye angenung'unika. Mama wa nyumba, tukimjua, angeliridhika, kwani ni bintiye. Ni mkubwa wetu mwenyewe aliyekataa. Alisema tujaribiwe.

Tukamwomba mhandisi mmoja mstaafu, jirani yetu, atuharibie swichi zetu mahali panane, kila mmoja kwa zamu yake, kwa saa moja na nusu. Alituharibia kwa furaha kubwa. Aliacha waya wa pamoja ambao pande zake mbili hazikukubaliana ni chumba kipi kipite bila alama. Aliongeza chumba kipya katika orodha ya waya akaliacha kwa makusudi neno la kuongeza, na kwa hivyo orodha nzima ya zamani ikafutwa ikabaki chumba kimoja. Hila hiyo yajulikana na kila aliyefanya kazi hii, na bado huumiza. Lililotuchekesha ni lile la kufunga nyaya mbili ziwe kama mmoja kwa itifaki ya LACP. Humo kila upande waweza kuwa wa kuanza mazungumzo au wa kungoja. Aliziweka zote mbili za kungoja. Nyaya nzima, swichi nzima, na hakuna kilichofungamana: mawifi wawili walionuniana, kila mmoja angoja mwenzake atoe salamu. Wa kati aliliona hilo kabla ya yote. Alisema alilijua sana, na hakufafanua zaidi.

Mdogo alitengeneza manne. Mkubwa alitengeneza matano. Wa kati alitengeneza saba, mtoto begani kwa zaidi ya nusu ya muda huo, na la nane alikuwa amelipata sababu yake saa ilipokwisha.

Mama wa nyumba alikuwepo. Alinyamaza kitambo, kisha akamwambia mkubwa wetu, “Na Disemba?” Mkubwa akasema Disemba ni ya Mola, na kwamba ameanza kuuliza kazi kwingine. Hilo alilisema kwa sauti yake ya kawaida, akikusanya vikombe. Tunaloliandika hapa bila kulipamba ni kwamba fedha zile zilikuwa na maana kubwa kwake, na bado zina maana, na kwamba wa kati hakulala vizuri usiku ule, wala hakumshukuru mpaka siku ya tatu, kwa kuwa kila alipotaka kusema alishindwa pa kuanzia. Mama alimtumia mwanawe ujumbe wa sauti kule Doha. Hatukuambiwa ulisema nini. Jibu lilikuja asubuhi, pamoja na nauli ya teksi.

Wenye mabinti wanaopenda kujifunza wanakaribishwa Jumamosi baada ya Asri. Swichi zipo, kitabu kipo, na anayeanza ataanza na mambo ya mwanzo. Waje na kalamu na daftari, na wavumilie kelele za feni.

Mtihani ni Jumanne ijayo, saa nne ya asubuhi. Dakika 120 ni ndefu kwa mtoto wa miezi saba, na kutoka katikati hakufai. Mkubwa wetu ameomba ruhusa ofisini ya nusu siku. Atakaa naye ndani ya gari nje ya kituo, na chupa mbili za maziwa, na kanga ya mamake ambayo haijafuliwa, apate kuinusa akilia.